England walishinda mechi nne, Australia tatu, na kombe likaondoka na Australia

Tarehe 18 Julai 2023, mjini Taunton kusini magharibi mwa Uingereza, timu ya kriketi ya wanawake ya England iliwafunga wageni wao Australia kwa mikimbio 69. Ilikuwa mechi ya saba na ya mwisho ya ziara. Ukizihesabu zote, wenyeji walikuwa wameshinda nne na wageni tatu. Mechi za T20 zilikuwa tatu, England wakachukua mbili. Za ova 50 nazo tatu, England wakachukua mbili. Pamoja na hayo yote, kombe la Ashes, linalogombewa na timu hizi mbili, halikuhama. Australia walikuja nalo, wakaondoka nalo.

Nilimsimulia habari hii rafiki yangu mmoja, mwana Yanga wa kufa na kuzikana. "Hao wameibiwa," akasema kabla sijamaliza. Nikamuuliza kama amesahau Algiers. Wiki sita tu kabla ya Taunton, Yanga walikuwa wameifunga USM Alger 1-0 nyumbani kwao, baada ya kufungwa 2-1 Dar es Salaam. Jumla 2-2, na Kombe la Shirikisho likachukuliwa na USM Alger kwa sheria ya goli la ugenini. Sheria ilikuwepo kabla mpira haujaanza, na pande zote mbili ziliijua. Akanyamaza, ila niliona hajaridhika. Hakukosea kutoridhika, kwa sababu mkasa wa Algiers una fundo moja tu, na huu wa Ashes una mafundo kadhaa yaliyofungwa juu ya mengine.

Anayeijua kriketi anaweza kuiruka aya hii. Magoli ya kriketi huitwa mikimbio. Kila mpigaji anayetolewa ni wiketi moja, na wiketi kumi zikianguka zamu ya timu imekwisha. Mchezo huu kimataifa huchezwa kwa namna tatu. T20 ni ova 20 kwa kila timu, ova moja ni mipira sita, na shughuli inakwisha kwa saa tatu hivi. Hiyo ndiyo wanayocheza timu za wanawake za Tanzania, Uganda, Rwanda na Kenya, na ndiyo anayoifahamu yeyote aliyewahi kufuatilia mashindano ya Kwibuka kule Kigali. Namna ya pili ni ova 50 kwa kila timu, ambayo inakula siku nzima. Ya tatu ni Testi: siku nne au tano, kila timu ina zamu mbili za kupiga, na ova hazina kikomo. Hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu kwenye Testi kuwa na mikimbio mingi hakukupi ushindi. Lazima pia uwatoe wapinzani wote kabla muda haujakwisha. Jua likizama siku ya mwisho kabla hujawamaliza, matokeo ni sare, hata kama wako nyuma yako kwa mikimbio 200.

Sare ya namna hiyo si sare ya mpira wa miguu. Januari 2022 pale Canberra, England walihitaji mikimbio 257 siku ya mwisho ili waifunge Australia. Wakafika 245 wakiwa wamepoteza wiketi tisa, muda ukaisha. Walipungukiwa mikimbio 12, na Australia walipungukiwa wiketi moja. Katika ova za mwisho kabisa kila tokeo lilikuwa bado linawezekana, na wapigaji wawili wa mwisho wa England, ambao kazi yao halisi ni kurusha mpira, walisimama pale wakizuia tu. Matokeo: sare, pointi mbili huku, mbili kule.

Tumefika kwenye pointi. Ashes ya wanawake siku hizi haiamuliwi kwa mechi za aina moja. Ziara yote, yaani Testi moja, T20 tatu na mechi tatu za ova 50, inawekwa kwenye kapu moja. Ushindi wa Testi una thamani ya pointi 4, na sare yake pointi 2 kwa kila upande. Ushindi wa mechi nyingine yoyote ni pointi 2. Mechi hizo fupi zikiharibiwa na mvua au timu zikilingana, kila mmoja anapata 1. Kapu lote lina pointi 16. Na iwapo mwisho wa safari timu zimefungana 8-8, kombe linabaki kwa aliyekuwa nalo.

Sasa chukua kalamu turudi 2023. Australia walishinda Testi: pointi 4. Wakashinda T20 moja na mechi moja ya ova 50: pointi 4 nyingine. Jumla 8. England walishinda T20 mbili na za ova 50 mbili: pointi 8. Kombe lilikuwa mikononi mwa Australia tangu 2015, basi likabaki huko. Kwa hiyo England hawakushindwa kihesabu, walitoka sare. Ila sare, kwa asiye na kombe, ni sawa na kurudi mikono mitupu.

Ukitaka kuona uzito wa Testi ulivyofanya kazi, ibadilishie bei. Ingekuwa na pointi 2 kama mechi nyingine, England wangeshinda 8-6. Ingekuwa na 6, Australia wangeshinda 10-8 bila kuhitaji huruma ya sheria ya sare. Na hii ya 6 sikuitunga. Mfumo ulipoanza mwaka 2013, Testi ilikuwa na pointi 6, na kapu lilikuwa na 18. Ziara ya pili chini ya mfumo huo ndiyo ilizua maneno, na safari hiyo wasafiri walikuwa England.

Januari 2014 England walitua Australia wakiwa washika kombe. Testi ikachezwa mwanzoni kabisa, mjini Perth, England wakashinda kwa mikimbio 61. Pointi 6 mfukoni kabla ziara haijapamba moto. Baada ya hapo walihitaji kuokota tu. Wakaokota mechi moja ya ova 50. Kisha Hobart, kwenye T20 ya kwanza, nahodha wao Charlotte Edwards akapiga mikimbio 92 bila kutolewa, na mambo yakaishia hapo. Australia wakashinda T20 mbili zilizobaki. Ukijumlisha: Australia mechi nne, England tatu, na England wakarudi na kombe kwa 10-8.

Ni kioo cha 2023, kimegeuzwa tu. Anayewahurumia England wa Taunton inabidi awahurumie pia Australia wa 2014. Baada ya ziara ile Testi ikapunguzwa, na kuanzia 2015 ikawa na pointi 4. Cha kuchekesha ni kwamba hata bei mpya isingewasaidia Australia. Ingetumika mwaka ule, matokeo yangekuwa 8-8, na England, waliokuwa na kombe, wangebaki nalo vilevile.

Kwa nini basi kuwe na mfumo huu wa kuumiza vichwa? Kwa sababu uliokuwepo kabla yake ulikuwa mbaya zaidi. Zamani Ashes ya wanawake iliamuliwa kwa Testi peke yake, na Testi zenyewe zilikuwa zikipungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 2009 England na Australia walicheza T20 na mechi kadhaa za siku moja, lakini kombe lilitundikwa kwenye Testi moja tu pale Worcester. Ikaisha sare. Januari 2011, Testi moja tena, safari hii Bankstown karibu na Sydney, Australia wakashinda na kombe likahama. Timu inavuka nusu ya dunia, inakaa wiki kadhaa, na yote mengine inayoyafanya hayahesabiki. Mfumo wa pointi ulikuja kuzipa maana mechi zile, na katika hilo umefaulu kuliko wengi walivyotarajia.

Ila umeleta ajabu zake. Kwenye ziara ya 2022, ile ya Canberra, England hawakushinda mechi hata moja, lakini walimaliza na pointi 4. Mbili zilikuwa za ile sare, na mbili walizipewa na mvua ya Adelaide iliyofuta T20 mbili. Australia wakamaliza na 12. Sijui kama kuna mchezo mwingine ambao mawingu yana pointi nyingi namna hii.

Fundo linalosahaulika kuliko yote ni mpangilio. Pointi 4 za mwanzo wa safari hazifanani na pointi 4 za mwisho, ingawa kwenye karatasi zimeandikwa vilevile. Mwaka 2023 Testi ilichezwa kwanza, tarehe 22 hadi 26 Juni, pale Trent Bridge mjini Nottingham, na ilikuwa ya siku tano, jambo ambalo wanawake hawakuwa wamelipata tangu 1992. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu mechi hii ndiyo iliyobeba mzigo wote.

Australia walipiga kwanza wakapata 473. Ellyse Perry akatolewa na 99, mkimbio mmoja tu kabla ya mia. Annabel Sutherland, aliyeingia akiwa wa nane kwenye orodha, mahali ambapo kwa kawaida hutarajii mengi, akapiga 137 na hakutolewa. England wakajibu kwa 463, na kati ya hizo 208 zilikuwa za mtu mmoja, Tammy Beaumont. Hakuna mwanamke wa England aliyekuwa amefika 200 kwenye Testi kabla yake. Rekodi aliyoivunja ilikuwa 189, na iliwekwa na Betty Snowball huko Christchurch, New Zealand, mwaka 1935. Miaka 88. Kumbuka jina hilo, nitalirudia.

Zamu ya pili Australia wakatolewa kwa 257. Sophie Ecclestone, mrushaji wa mipira ya kuzungusha wa mkono wa kushoto, akafikisha wiketi 10 katika mechi hiyo moja. England wakahitaji 268. Jioni ya siku ya nne walikuwa na 116 wakiwa wamepoteza watano, na asubuhi yake watu wakaja uwanjani wakijua kwamba zimebaki 152 na wapigaji watano. Ashleigh Gardner naye huzungusha mpira, polepole, bila papara. Ile zamu peke yake alichukua wiketi 8 kati ya 10. England wakaishia 178. Fikiria: Beaumont anapiga mia mbili, Ecclestone anachukua wiketi kumi, na bado timu yao inapoteza kwa mikimbio 89.

Siku tano baadaye Australia wakashinda T20 ya kwanza pale Edgbaston ukiwa umebaki mpira mmoja. Ubao wa pointi ukasoma 6-0. Zilibaki mechi tano zenye pointi 10, na ili walichukue kombe England walitakiwa wazishinde zote. Hapa ndipo mpangilio unapong'ata. Kuanzia siku ile kila mechi ya England ilikuwa fainali, wakati Australia walihitaji moja tu kati ya tano ili wabaki na chao.

England wakaanza kuzishinda. Ya The Oval kwa mikimbio 3. Ya Lord's kwa wiketi 5, yaani walifikisha mikimbio wakiwa bado na wiketi 5 mkononi, mvua ikiwa imepunguza ova. Ya Bristol kwa wiketi 2. Ikawa 6-6. Kwenye viwanja viwili vya London waliingia zaidi ya watu 20,000 kila siku, na hadi ziara inakwisha tiketi zilikuwa zimepita 110,000. Halafu Southampton, 16 Julai. Australia 282. Nat Sciver-Brunt akapiga 111 na hakutolewa, lakini timu ikaishia 279. Mikimbio 3, ile ile waliyowashinda nayo The Oval, sasa imegeuka upande wa pili. Australia wakafika 8, kombe likawa salama siku mbili kabla ya Taunton. Kwa hiyo ule ushindi wa mikimbio 69 niliouanza nao makala hii ulikuwa ushindi wa heshima. Sciver-Brunt alipiga mia nyingine siku ile, 129, na yenyewe haikuweza kubadili chochote isipokuwa kusawazisha ubao.

Wapo waliotaka sheria ya sare ifutwe, au mechi zote zipewe pointi sawa. Mimi siioni kasoro hapo. Kumpa mshika kombe faida ya sare ni desturi ya kriketi na ya ndondi pia: anayetaka mkanda lazima amshinde bingwa, kulingana naye hakutoshi. Na kuipa mechi ya siku tano uzito sawa na mchezo wa saa tatu kungekuwa kichekesho. Kasoro ninayoiona ni ile Testi kuwa moja. Kungekuwa na tatu, pasingekuwa na mechi moja inayobeba robo ya kapu, na kosa la asubuhi moja ya Nottingham lingeweza kusahihishwa wiki iliyofuata.

Lakini wanawake hawapewi Testi. India, nchi inayoiabudu kriketi, haikuwachezesha wanawake wake Testi hata moja kati ya Novemba 2014 na Juni 2021. Perry, mmoja wa wachezaji wakubwa kuliko wote wa kizazi chake, alianza kuichezea Australia mwaka 2007 akiwa na miaka 16, na hadi anaondoka Trent Bridge miaka 16 baadaye, Testi zake zilikuwa hazijafika 15. Mwanamume wa kiwango chake huzicheza kwa miaka miwili. Testi ina gharama, inachukua siku nyingi, na watangazaji wanataka T20. Kwa hiyo ile moja iliyobaki inapambwa kwa pointi mara mbili, kama mgeni anayekuja mara moja kwa mwaka akakalishwa kwenye kiti kikubwa.

Hapo mwanzo haikuwa hivyo. Ziara ya kwanza kabisa ya kimataifa ya kriketi ya wanawake ilikuwa ya Testi. Mwaka 1934 kikosi cha England chini ya Betty Archdale, binti wa mwanaharakati aliyepigania haki ya wanawake kupiga kura, kilipanda meli kwenda Australia, na wachezaji walijilipia nauli wenyewe. Testi ya kwanza ilianza Brisbane tarehe 28 Desemba 1934. Myrtle Maclagan alichukua wiketi 7 kwa mikimbio 10 tu, Australia wakatolewa kwa 47. England wakashinda mbili kati ya Testi tatu, kisha wakavuka kwenda New Zealand, na huko ndiko Betty Snowball alikopiga zile 189 zilizokuja kudumu miaka 88. Australia walipoirudisha ziara hiyo mwaka 1937 walisainishwa masharti: marufuku pombe, sigara na kamari, marufuku kuongozana na mume au ndugu, melini kulala saa nne usiku na mazoezi saa moja na robo asubuhi isipokuwa Jumapili. Wakacheza Testi tatu.

Majivu yenyewe wanawake waliyapata wamechelewa. Jina Ashes, yaani majivu, lilitokana na kejeli ya gazeti moja la Uingereza mwaka 1882: wanaume wa England walifungwa nyumbani na Australia, gazeti likaandika tanzia ya kriketi ya Uingereza na kusema mwili utachomwa na majivu yatapelekwa Australia. Wanawake walingoja hadi 1998. Mwaka huo, pale Lord's, gongo la kupigia mpira lililosainiwa na timu zote mbili lilichomwa, na majivu yakatiwa ndani ya mpira wa mti uliochongwa. Klabu yenye uwanja huo, MCC, ilikuwa bado hairuhusu wanawake kuwa wanachama. Kura ya kuwaruhusu ilipita Septemba mwaka ule ule. Na hadi ile ziara ya 2023, uwanja ambao majivu yao yalichomewa ulikuwa haujawahi kuwakaribisha wanawake kwa Testi hata moja. T20 ndiyo, ile ya mvua.

Ziara iliyofuata, Januari 2025, England walikwenda Australia na mpangilio ukageuzwa: mechi fupi kwanza, Testi mwisho. Australia wakashinda ya kwanza, wakashinda ya pili, hawakuacha. Ilipofika tarehe 30 Januari timu zikaingia uwanja mkubwa wa Melbourne, MCG, ambao haukuwa umeona Testi ya wanawake tangu msimu wa 1948-49, na ubao ulikuwa 12-0. Zile pointi 4 zilizoamua kila kitu Nottingham hazikuwa na kazi yoyote Melbourne. Watu zaidi ya 35,000 walikuja hata hivyo. Sutherland akapiga 163. Beth Mooney akafikisha mia yake ya kwanza ya Testi, akawa mwanamke wa kwanza wa Australia kuwa na mia katika namna zote tatu za mchezo. Ikaisha siku ya tatu, 16-0, na safari hii hakuna aliyehitaji kalamu.